Copenhagen Isogezwe Mbali Kidogo

Louisville, Kentucky
Jumapili, 16 Oktoba 2016

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Umbali wa Miji na Muda wa Ndege,
Popote ulipo.

YAHUSU: BRUSSELS HADI COPENHAGEN, SAA MOJA NA NUSU

Ndugu Mhariri,

Sikujui, nawe hunijui, lakini umeniharibia familia, kwa hiyo naona tumeshafahamiana vya kutosha kuandikiana barua. Natumaini u mzima na watoto wanasoma. Kisanduku chenu cha maoni kinasema maneno yasizidi mia mbili. Nitazidisha, na naomba radhi mapema.

Mimi naitwa Balagizi. Kwetu ni Walungu, Kivu ya Kusini, nchi ya Kongo. Nilifundisha jiografia darasa la tano na la sita kwa miaka tisa, mpaka vita vilipokuja kutufundisha sisi jiografia ya Uganda. Tangu mwaka 2012 naishi hapa Louisville na mke wangu Clémence na binti yetu Jolie, aliye na miaka kumi na minne. Nafanya kazi kwenye ghala moja huko Jeffersontown, ambako naelekeza bunduki ya plastiki kwenye anwani za watu mpaka ilie tii, kisha boksi linaondoka. Nakueleza haya ili usidhani umeandikiwa na mtu asiyejua umbali. Nimeufundisha umbali kwa chaki na sasa naupakia kwenye magari.

Sasa nikueleze ulichonifanyia. Mama yangu mzazi, Kostansia, anaishi Kenmore, pale kaskazini ya Buffalo, nyumbani kwa dada yangu Nsimire. Walifika mwaka 2013, mwaka mmoja baada yetu. Mara ya mwisho nilimwona kambini Uganda, asubuhi lile basi la kutupeleka uwanja wa ndege lilipokuja. Alisimama kando ya basi akagonga kioo, nikamwambia nchi tunakokwenda ni moja, tukishafika wote nitakuja kukusalimia wiki ileile. Huu ni mwaka wa nne. Mama ana miaka sabini na mmoja na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Jicho la kushoto limeshafunga. La kulia linaona mwanga na, kwa maelezo yake mwenyewe, mashati meupe. Amepangiwa operesheni tarehe 3 Novemba, na mwezi wa tisa alinitumia sauti kwa WhatsApp. Naiandika kama alivyosema:

"Balagizi, mwana wangu, miye sasa niko naona mutu kama kivuli. Kuya nikuone mbele banifunge macho. Operasyo ikienda muzuri, bon, nitakuona mara mbili. Ikienda mubaya, nitakuwa nilishakuona."

Ombi hilo, kwamba niende anione kabla hawajamfunga macho, nilikuwa nalishughulikia, Ndugu Mhariri. Nilikuwa nalishughulikia kwa utaratibu. Ndipo mdogo wangu Salomon, anayeishi Brussels na kuosha wazee katika nyumba ya wazee, alipoweka picha ya ukurasa wenu kwenye kundi la familia, mbele ya watu arobaini na wawili. Ukurasa ulionyesha mstari mwekundu kutoka Brussels hadi Copenhagen, kilomita 760 na ushee, muda wa ndege saa moja na dakika thelathini. Chini yake Salomon akaandika: "Donc miye kila mwezi nafikaka Copenhagen kusalimia mama mkwe wangu. Saa moya na nusu. Mukubwa wetu, kutoka Louisville mupaka Buffalo ni kilomita ngapi?"

Halafu binamu mmoja aliyeko Bukavu akaenda parokiani, akapima kwa rula kwenye ramani ya ukutani, akarudi na jibu: 775. Tofauti ya kilomita kumi na tano, Ndugu Mhariri! Ni chini ya safari yangu ya kwenda kazini. Shangazi yetu akaandika "Kumbe ni sawasawa!" na watu thelathini na mmoja wakaweka vidole gumba. Tangu siku hiyo mimi ni mtu aliyeshindwa kwenda kwa mama yake mahali ambapo mdogo wake anakwenda kwa mama wa mwanamke mwingine.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hiyo saa moja na nusu ni ya ndege peke yake. Mmehesabu tangu magurudumu yanaacha ardhi mpaka yanagusa tena, kana kwamba ndege ndiyo inayokwenda kusalimia. Mtu je? Nilimpigia Salomon nikamhoji kama polisi. Alikiri kwamba anaamka, anaoga, anapanda treni, anafika uwanjani saa mbili kabla, anavua mkanda, anavua viatu, anaeleza mfuko wa sombe kwa kijana aliyevaa glavu ambaye hajawahi kuona majani ya muhogo yaliyotwangwa na anadhani ni dawa ya kienyeji, anavaa viatu, anasubiri. Copenhagen nako kuna treni nyingine, na ngazi za ghorofa ya tano. Jumla tulipata saa tisa. Mmeandika moja na nusu. Mwanafunzi wangu wa darasa la tano angefanya hivyo ningempeleka akasimame ukutani, na baba yake ningemwita.

2. Hamkuhesabu wajomba. Hili ndilo lalamiko kubwa, naomba ulisome ukiwa umekaa.

Kati ya Louisville na Buffalo kuna mji unaitwa Columbus. Uko saa tatu na kitu kutoka kwangu, katikati ya barabara kabisa, na ndani yake anaishi mjomba wetu Bagula, mdogo wake Mama. Kwetu mpwa hapiti mji wa mjomba wake bila kuingia. Akiingia hali akiwa amesimama. Akishakula haondoki siku hiyohiyo, maana ataonekana alifuata chakula. Na akilala, asubuhi lazima azungushwe kwa watu wote wa kwetu walioko mji huo, la sivyo watasema alikuja kwa siri.

Usidhani nabuni. Septemba 2014 ghala lilitupa siku tatu za mapumziko. Tulitoka Jumamosi alfajiri, mimi, Clémence na Jolie, tumebeba zawadi za Mama, na saa nne asubuhi tulikuwa mlangoni kwa Bagula kusema hodi na kwaheri kwa pumzi moja. Bagula alikuwa ameshaagiza mbuzi. Mbuzi alikuwa bado yuko shambani, na mtu wa kumleta alikuwa bado yuko kazini. Tulimla saa kumi na moja jioni. Jumapili tulikwenda kanisani, ibada ya saa nne na nusu, nikaombwa kusema neno kama mgeni. Halafu nyumba nne za watu wa Walungu, na katika kila nyumba sahani. Ya tano ilikuwa chumba cha kijana wetu anayesomea udongo chuo kikuu, kule kwenye mitaa ya wanafunzi. Ana kiti kimoja, kwa hiyo tulikaa kwa zamu, na hilo nalo lilichukua muda. Jumatatu jioni nilitakiwa niwe Louisville kwa ajili ya kazi ya Jumanne. Buffalo tuliiona kwenye simu ya Jolie, kidoti chekundu juu kulia. Zawadi za Mama aliachiwa Bagula, na sikuuliza tena habari zake.

Juni 2015 nilijifunza. Nilichora njia ya kuikwepa Columbus kwa mbali, nikapitia Dayton na Toledo, safari ndefu zaidi lakini haina mjomba. Simu nilizima. Clémence alizima. Karibu na Toledo tulisimama Jolie ale viazi vya kukaanga, naye akavipiga picha pamoja na uso wake akaviweka Facebook, na mahali akapaandika. Baada ya dakika nne Bagula alikuwa amevipenda. Baada ya dakika tano simu ya Jolie ikalia. Mjomba hakunisalimia. Alisema tu:

"Balagizi. Uko Toledo. Bon. Miye nilishakufa?"

Ungefanya nini, Ndugu Mhariri? Niligeuza gari. Jolie alisema kwa Kiingereza chake, "Dad, we're already halfway," mama yake akamwambia anyamaze, huo ni ukoo si hesabu. Tulifika Columbus kuomba msamaha, na msamaha ulichukua siku mbili, kwa sababu mzee wa kusuluhisha alikuwa na zamu kwenye kiwanda cha nyama mpaka Jumapili. Nikasamehewa vizuri sana. Likizo ikawa imekwisha.

Kwa hiyo Louisville hadi Buffalo, kwa kipimo cha binadamu, ni saa tatu za barabara, siku tatu za mjomba, kisha saa tano za barabara endapo mjomba ameridhika. Mstari mwekundu haujui hilo. Mstari mwekundu hauna ukoo.

3. Utaniuliza kwa nini sipandi ndege kama Salomon. Nimetafuta. Ya moja kwa moja sikuipata. Niliyoipata inanipeleka kwanza Chicago. Buffalo iko mashariki yangu na Chicago iko magharibi, kwa maana hiyo nitaanza kumwendea mama yangu kwa kumpa mgongo. Nilifundisha pande za dunia miaka tisa. Siwezi.

4. Hamburg. Hapa, Ndugu Mhariri, nakuomba uwe na moyo mgumu. Nilichukua atlasi ya Jolie na rula nikaufuata huo mstari wenu wa Brussels na Copenhagen, na nikakuta kwamba unapita jirani na Hamburg. Huko Hamburg anaishi Sylveri, mtoto wa baba yetu mdogo, kwa miaka saba sasa. Salomon anapita karibu na kichwa cha ndugu yake mara mbili kwa mwezi, kwenda na kurudi, na hajawahi kuteremka kusema habari! Mimi nilipita Dayton, maili sabini kutoka kwa Bagula, nikahukumiwa siku mbili. Yeye anapita juu ya paa anapongezwa kwa vidole gumba.

Niliona ni wajibu wangu kumwarifu Sylveri. Sikuwa na nia mbaya, au nilikuwa nayo kidogo. Sylveri akasema, "Donc Salomon ananipitaka juu ya kichwa na mikate anakula?" Nikamwambia siku hizi kwenye ndege hata mikate hawagawi. Hilo halikumtuliza. Mke wake anasema sasa kila Ijumaa jioni mumewe anasimama kwenye baraza na kuangalia juu. Amejitoa kwenye kundi la familia, tumebaki arobaini na mmoja, na lawama ya hilo naiweka kwenu, kwa sababu ninyi ndio mliouchora mstari.

5. Mama mkwe. Nitasema kifupi maana ni jambo la aibu. Kwetu mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kutoonana sana. Ukimwona njiani unaingia kwenye migomba. Huli mbele yake, humkodolei macho. Heshima hiyo ilihitaji nafasi, na nafasi hiyo wazee wetu waliipata bila shida kwa sababu hakuna aliyewafanyia ukurasa. Leo mnatangaza kwa dunia nzima kwamba mkwe yuko saa moja na nusu tu kutoka kwa mama mkwe wake. Salomon anakunywa chai naye. Anamtengenezea televisheni. Mwezi wa saba walipiga picha wamekaa kochi moja! Baba yetu angekuwa hai angeugua.

6. Lalamiko la sita si la Brussels wala la Copenhagen. Ni la kitaaluma. Mmeandika umbali kama kitu kisichobadilika, kilomita 760 mwaka juzi, 760 mwaka huu. Mimi kwa uchunguzi wangu nimegundua kwamba umbali unakua.

Mwaka 2013, Mama alipofika tu, Buffalo ilikuwa karibu. Ningeweza kwenda mikono mitupu, nimevaa suruali ya kazi, angefurahi. Mwaka 2014 isingefaa kwenda bila kitenge. Mwaka 2015 ikawa kitenge na blanketi na sababu. Mwaka huu hata sababu haitoshi, inatakiwa hotuba. Kila mwezi ninaokaa, Buffalo inarudi nyuma. Nikimpigia simu Mama haulizi tena nakuja lini. Anauliza Louisville kuna baridi? Namjibu kuna baridi kiasi. Kisha Nsimire anachukua simu.

Naona haya, Ndugu Mhariri. Nimeandika kurasa nne kabla ya kulisema. Huyu mama alipotoka Walungu kwenda Uganda hakuuliza kilomita. Aliambiwa mtoto wake mkubwa yuko ng'ambo ya mpaka, akajifunga kitenge akaja, sehemu kwa lori na sehemu kubwa kwa miguu, akanikuta kambini akaniuliza kama nimekula. Na mimi hapo ghalani, wiki hii peke yake, nimetuma Buffalo maboksi mia mbili na kumi na saba. Vitu vya ajabu: chakula cha paka, mapazia, baiskeli ya mazoezi ya mtu anayeishi Kenmore hukohuko, mtaa wa tatu kutoka kwa Mama, nimeangalia. Ilifika Alhamisi. Hakuna aliyeishangilia.

Lakini turudi kwenye kosa lenu.

Kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika bila kupendekeza, naomba moja kati ya haya matatu, lolote litakalokuwa jepesi kwenu.

Kwanza, rekebisheni ukurasa usomeke hivi: "Brussels hadi Copenhagen, siku nne, pamoja na kumsalimia Sylveri." Siku nne ni huruma. Sylveri ana watoto watano na kila mmoja atataka kuimba.

Pili, kama kurekebisha haiwezekani, basi isogezeni Copenhagen. Sina ubaya wowote na watu wa Copenhagen. Naomba tu wasogee kaskazini, kule kwenye theluji, mahali ambapo ndege hazitui na mtu anafika kwa kuvutwa na mbwa. Kama kusogeza mji ni kazi ya serikali na si yenu, sogezeni ile nukta kwenye ramani. Familia yangu haitakwenda kuhakikisha.

Tatu, na hili lingenisaidia zaidi, nipeni hati rasmi. Iandikwe kwamba Louisville na Buffalo zimetenganishwa na kilomita elfu tatu, au mkipenda andikeni "umbali haujulikani". Iwe na muhuri wa duara, wa bluu, na saini inayopita juu ya muhuri. Kwetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Nitaipiga picha na kuiweka kwenye kundi, na shangazi ataona kwamba haikuwa sawasawa hata kidogo. Naomba inifikie kabla ya tarehe 3 Novemba, kwa sababu baada ya hapo sitajua nimwonyeshe nani.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapima ramani, wapiga hesabu, na yule anayechora mistari myekundu, mwambie sina kinyongo naye binafsi. Clémence anawasalimu. Jolie anasema "hi". Wasalimie wakazi wa Copenhagen, isipokuwa mama mkwe wa Salomon, ambaye nitamsalimia kwa heshima ya kutomsalimia.

Ni mimi, katika kupima kwa haki,

Balagizi
Mwalimu wa jiografia (aliyekuwa)

NYONGEZA YA JUMANNE, 18 OKTOBA

Ndugu Mhariri, barua hii ilikuwa itumwe jana. Jolie alikuwa aipige chapa akitoka shule. Jana saa sita mchana nilikuwa ghalani simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa Clémence, naye alikuwa amepigiwa na Nsimire.

"Kuya mbio," akasema. "Mama yako iko kwa stasyo ya bisi."

Nikauliza mama yupi. Akasema, "Weye uko na bamama bangapi?"

Nikamwambia msimamizi wangu mama yangu amefika, akaniuliza anatoka wapi, nikasema Uganda, kwa sababu ndipo nilipomwacha. Nikamwambia Clémence tukutane stesheni na aniletee shati jeupe. Hakuuliza la nini. Nililivaa kwenye maegesho, juu ya fulana ya kazi, vifungo nikavikosea.

Alikuwa amekaa kwenye benchi, begi mapajani, mfuko wa ndagala, yaani dagaa, miguuni. Shingoni alikuwa amevaa kipande cha kadibodi kwenye uzi, Nsimire amekiandika kwa kalamu nene: jina lake, namba yangu ya simu, anwani yangu, LOUISVILLE KY. Kila dereva alikuwa anakisoma anampandisha basi la mbele. Nimeshika anwani zaidi ya laki moja tangu nianze kazi ile na sijaona iliyoandikwa vizuri kama hiyo.

Alinyanyua uso, akageuza kichwa kidogo ili atumie lile jicho la kulia.

"Ule wa shati," akasema, "njo Balagizi?"

Clémence akamjibu kwamba ndiye. Mama akanishika uso kwa mikono miwili, akaupitia kuanzia juu kushuka, paji, pua, kidevu, akauliza, "Umezeeka, ao ni jicho?" Nikamwambia ni jicho. Nililia pale stesheni, watu wanaangalia, na sasa naona nimelizoea, naweza kukuandikia.

Nimemuuliza habari ya safari. Kwa tiketi yake ni saa kumi na nne na dakika arobaini, mabasi manne. Yeye anasema hajui. "Nililala. Nikaamuka, banasema Cleveland. Nikalala tena." Nimemuuliza Columbus je, hakuingia kwa Bagula? Akashangaa swali. "Bagula nilimubeba mugongoni mwangu. Yeye njo atakuya kunisalimia." Na kweli, Ndugu Mhariri, Bagula amepiga simu, anafika Ijumaa, na anauliza kama hapa Louisville mbuzi wanapatikana.

Nikamuuliza, Mama, lakini nani alikwambia upande basi kwa macho hayo? Hapo ndipo nilipoona niwaandikie nyongeza hii. Akasema Nsimire alimsomea ule ukurasa wenu, wa Salomon. Alisikia kwamba kwangu na kwake ni sawasawa na Brussels na Copenhagen, saa moja na nusu. "Nikasema kumbe mutoto yangu iko hapa karibu tu, na miye namungojea kama mujinga." Akafunga begi. Nsimire alijaribu kumweleza kwamba ile ni ndege, lakini Mama hakuona tofauti, na mimi tangu jana natafuta tofauti hiyo sijaipata.

Tarehe 1 Novemba namrudisha Kenmore mwenyewe kwa gari, nitakaa naye mpaka wamfungue bandeji. Nitavaa shati hilihili, likiwa limefungwa vizuri. Salomon ameahidi kuteremka Hamburg.

Kwa hiyo muhuri msihangaike nao. Na Copenhagen muiache palepale ilipo, siyo mbali.